Kamera mpya na ndege wa Mida na Sabaki: kwa nini picha zangu hazifanani na niliyoyaona?

Mwalimu wa Maweni ameuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwatazama ndege kwa macho matupu, tangu nilipokuwa mtoto nikitumwa samaki na kuchelewa kurudi kwa sababu ya kuwahesabu yangeyange waliotua juu ya mitumbwi. Mwezi uliopita zamu yangu ya chama ilifika, na badala ya kununua kabati kama nilivyokuwa nimewaahidi wa nyumbani, nilinunua kamera ya Canon EOS 2000D pamoja na lenzi mbili, moja ya milimita 18–55 na nyingine ya milimita 55–250. Kuhusu kabati, bado sijasamehewa.

Nimetoka nayo mara tatu. Mara mbili nilikwenda mlangoni mwa mto Sabaki, nikiteremka garini karibu na daraja na kutembea kuelekea baharini mapema asubuhi, wakati heroe wangali wametulia katika maji ya kina kifupi. Mara ya tatu, Jumamosi iliyopita, nilikwenda kwenye ghuba ya Mida. Siku hiyo niliondoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, mwezi ukiwa bado mkubwa na unang'aa upande wa magharibi, lakini nilimsubiri dada yangu pale Gede kwa muda mrefu, na tulipofika kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko ilikuwa imekwisha kutimia saa nne. Tulikaa mpaka adhuhuri.

Katika safari hizo tatu nimepiga picha 312, na nikiwa mkweli ni tisa tu ambazo ningethubutu kumwonyesha mtu. Heroe wa Sabaki wametoka weusi kabisa, kama vivuli vilivyokatwa kwa mkasi, ilhali kwa macho yangu niliwaona waridi. Yangeyange wa Mida ni kinyume chake: wametoka weupe wa chokaa, bila unyoya hata mmoja unaoonekana. Mdiria yule wa madoadoa meusi na meupe, anayening'inia hewani kabla ya kujitupa majini, nimempiga zaidi ya mara 40 na kila mara amekuwa ukungu wenye mdomo. Vitwitwi nao walikuwa mbali mno, kiasi kwamba nikivuta lenzi mpaka mwisho wanabaki kuwa punje za mtama juu ya tope, na picha yenyewe inaonekana kama imepigwa kupitia maji yanayochemka.

Kamera nimeiacha kwenye otomatiki, ile alama ya kijani, kwa kuwa muuzaji aliniambia kwamba inajua kila kitu. Je, kosa ni la lenzi yangu kuwa fupi? Zamu yangu nyingine ya chama ni mwakani, na kabla sijaanza kuwaza lenzi kubwa zaidi, na kabla nyumbani hawajaanza kuniwazia mimi, ningependa kujua kama kuna jambo ninaloweza kurekebisha kwa vifaa hivi nilivyo navyo.

Fundi wa Barani amejibu:

Wa alaykum salaam Mwalimu, na hongera kwa kamera. Umeeleza vizuri, na hili hunisaidia kuliko picha zenyewe, kwa sababu kasoro ulizozitaja si moja bali ni nne, na kila moja ina chanzo chake. Wengi huja dukani kwangu wakisema tu kwamba kamera ni mbovu.

Nianze na mdiria. Ukifungua picha zake kwenye kamera na kubonyeza kitufe cha DISP, utaona tarakimu za kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga. Nina hakika utakuta 1/125 au 1/160 ya sekunde, kwa sababu otomatiki haijui kwamba unampiga ndege. Inafikiri unampiga shangazi aliyeketi barazani. Mbawa za mdiria haziwezi kusimama katika kasi hiyo. Geuza gurudumu la juu uliweke kwenye herufi Tv, ambapo wewe unachagua kasi na kamera inapanga uwazi wa lenzi, kisha uiache ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, iwe ya otomatiki. Kwa ndege anayetembea taratibu kwenye tope anza na 1/1000, na kwa anayeruka usishuke chini ya 1/2000. Picha itapata chembechembe kidogo kwa sababu ISO itapanda, lakini chembechembe zinavumilika na hata kupunguzwa baadaye, ilhali ndege aliyetikisika hana dawa.

Watu huchanganya jambo moja hapa. Lenzi yako ya 55–250 ina kituliza mtikisiko ndani yake, na hicho kinatuliza mikono yako, hakimtulizi ndege. Sensa ya kamera yako, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo kuliko ile ya kamera kubwa za fremu kamili, hivyo milimita 250 zinaona kama milimita 400 zingeona kwenye kamera kubwa. Kwa hiyo hata ukipiga gogo lisilosogea, bila kituliza hicho ungehitaji angalau 1/400 ndipo mkono wako usionekane kwenye picha.

Jambo la pili ni fokasi. Kamera yako ina vituo tisa vya fokasi, na ukiviacha vyote vikifanya kazi, vitachagua kile kilicho karibu zaidi au chenye mistari iliyo wazi zaidi, ambacho Mida kwa kawaida ni jani la mkoko. Chagua kituo cha katikati peke yake, ambacho ndicho chenye uwezo mkubwa kuliko vingine, ukiweke juu ya jicho la ndege. Kisha badilisha namna ya fokasi kutoka One Shot kwenda AI Servo, ili kamera iendelee kumfuata ndege anaposogea huku kidole chako kikiwa kimebonyeza kitufe nusu. Piga kwa kutazama kupitia kitundu, viwiko ukivibana mbavuni, wala usitumie kioo cha nyuma. Fokasi ya kioo cha nyuma katika kamera hii ni ya polepole mno kwa kiumbe chenye mbawa.

Yangeyange wa chokaa wana sababu nyepesi kueleweka. Kamera huipima picha nzima na kutaka wastani wake uwe wa kijivu. Ikiona mikoko myeusi imejaa fremu na ndege mmoja mweupe mdogo katikati, huamua kwamba mahali pana giza na kuongeza mwanga, na ndege akaungua. Shikilia kitufe chenye alama ya Av na jumlisha-toa, kisha zungusha gurudumu dogo mpaka mshale ufike kwenye −1. Kwa ndege aliye angani fanya kinyume, weka +1, kwa sababu mbingu nyeupe huidanganya kamera iongeze giza. Ukitazama picha kwa taarifa zake, sehemu zilizoungua zitakuwa zinapepesa nyeusi. Zikipepesa kwenye mgongo wa yangeyange, punguza tena.

Heroe weusi wa Sabaki ni tatizo la jua na wala si la kamera, na la umbali wa Mida nawaachia wenye bahari yao, kwani naona Nahodha yumo humu ukumbini.

Kijana wa Kisumu Ndogo amejibu:

Mwalimu, kwa heshima zote, Fundi anakuzungusha. Ndege wa porini bila milimita 600 ni kujisumbua. Zipo lenzi za 150–600 za Sigma na Tamron zinazopatikana zilizotumika, na tangu nilipoipata yangu sijawahi kulalamikia umbali. Subiri zamu yako, ununue mara moja.

Fundi wa Barani amejibu:

Kijana, lenzi hiyo ni nzuri na sikatai, lakini ina uzito wa karibu kilo mbili, na Mwalimu amesema picha zake za Mida zinaonekana kama zimepigwa kupitia maji yanayochemka. Huo ni mvuke wa joto. Jua likishapanda, tope lililo wazi hupata moto, hewa iliyo juu yake hutetemeka, na kila mita unayoiongeza kati yako na ndege huongeza mtetemeko huo. Lenzi ya 600 ingemletea mtetemeko ule ule, mkubwa zaidi. Angelipa fedha za kabati tatu ili aone vizuri hewa ya moto.

Nahodha Mstaafu amejibu:

Mwanangu Mwalimu, mimi kamera siijui. Mjukuu wangu ndiye anayenisomea na kuniandikia haya. Lakini umesema neno moja likanifanya nicheke peke yangu: umesema uliondoka alfajiri na mwezi ungali mkubwa upande wa magharibi, kisha ukafika Mida saa nne. Basi nakwambia bila kuwako kwamba ulilikuta tope tupu, na ndege wametawanyika mpaka mwisho wa upeo, na ulipoondoka adhuhuri hali ilikuwa ile ile. Ni kweli au si kweli?

Mwezi unaoonekana mkubwa magharibi wakati wa alfajiri ni mwezi uliokwisha kupevuka siku moja au mbili nyuma, na hizo ni siku za bamvua, yaani za maji makubwa. Kwa bamvua ya pwani yetu hii, maji hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hukupwa katikati yake, yaani saa nne mpaka saa sita za mchana na za usiku. Wewe ulikwenda saa ambayo bahari ilikuwa imetoka yote, na bamvua ikitoka hutoka kwelikweli, maana tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hukaribia mita nne. Kitwitwi hufuata maji kwa sababu chakula chake kimo kwenye tope lililofunuliwa sasa hivi, lenye unyevu, na wala si lile lililokauka mbele yako. Alikuwa kazini, na kazi yake siku hiyo ilikuwa kilomita moja kutoka ulipoketi.

Maji yanapoanza kujaa, yale yale yaliyomchukua humrudisha. Humsogeza hatua kwa hatua mpaka akose pa kusimama isipokuwa kwenye vilima vidogo vya mchanga na mizizi ya mikoko iliyo karibu na nchi kavu. Kwa hiyo usimwendee. Kaa mahali pako saa mbili kabla ya maji kujaa, yeye atakuja. Wavuvi wa nyavu za pwani hawawafuati samaki wakati wa kupwa, nanyi wapiga picha sioni kwa nini mhangaike.

Ushike hesabu hii. Mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka, pamoja na siku mbili tatu baada yake, maji hujaa alasiri. Mwezi ukiwa nusu, yaani mnamo siku ya saba au ya nane na siku ya 22 au ya 23, ni maji mafu: hujaa mnamo saa nne asubuhi, lakini kidogo tu, na ndege wengine hawasogei kabisa kwa kuwa tope halifuniki lote. Kila siku saa husogea mbele kwa muda usiotimia saa moja kamili, kama dakika 50 hivi. Na kwa kuwa mlango wa Mida ni mwembamba, maji ya ndani huchelewa kidogo nyuma ya yale ya bahari wazi, hivyo usiondoke mapema ukidhani yamekwisha kujaa.

Utaona kwamba bamvua inakufaa zaidi kwa jambo jingine pia. Daraja lile la mbao liko upande wa barabara kuu, na ukiwa hapo unatazama mashariki. Alasiri jua liko nyuma yako na linampiga ndege usoni. Huko Sabaki mambo yamegeuka: ulitoka darajani ukaelekea baharini asubuhi, kwa hiyo ulikuwa unalitazama jua lenyewe, na heroe walikuwa kati yenu. Ama uende alasiri, ama uzunguke kwa mbali, ufuate ukingo mpaka bahari iwe mgongoni mwako, kisha ndipo uwatazame. Nasema kwa mbali, maana heroe hapendi mtu kumkatia njia ya maji.

Mlezi wa Mikoko amejibu:

Nahodha amemaliza kazi yangu ya siku nzima kwa aya tatu, Mungu amzidishie umri. Mimi hutembeza wageni Mida na katika msitu wa Arabuko-Sokoke, na ningependa kuongeza habari za mwenendo wa mtu mbele ya ndege, kwa sababu hata maji yakikuletea kitwitwi mpaka mita 15, unaweza kumfukuza kwa sekunde mbili.

Keti chini. Mtu aliyesimama anaonekana kama mti unaotembea, na picha zake zote huwa za migongo ya ndege. Ukiketi kwenye ukingo wa tope na kamera ikawa sawa na kimo cha ndege, utaliona jicho lake, na nyuma yake patakuwa mbali na laini, jambo ambalo watu hulitafuta kwa lenzi za bei ghali. Nguo ziwe za rangi iliyopoa. Kina dada wenye buibui jeusi wasijali, kwani kwenye kivuli cha mikoko linafaa kabisa. Ni sisi wenye kanzu nyeupe tunaoonekana tangu Watamu. Ukilazimika kusogea, usiende moja kwa moja wala usimkazie macho. Nenda kwa mshazari, hatua tatu kisha utulie, kana kwamba unachuma kitu.

Jifunze dalili zake. Kitwitwi akiacha kula na kuinua kichwa, simama. Akianza kutembea kwa haraka upande mwingine, rudi nyuma hatua chache. Heroe wakinyoosha shingo wote pamoja na kuanza kwenda upande mmoja kama wanafunzi waliosikia kengele, umekwisha kuwasumbua, na hatua inayofuata ni kuruka. Kundi linaporuka bure linapoteza chakula ambacho katika saa zile chache za maji halitakipata tena. Miezi hii ya kaskazi ndiyo wageni wetu wengi wako hapa. Wapo vitwitwi wa Mida waliozaliwa Siberia, na kuanzia Machi na Aprili wanahitaji mafuta mwilini kwa safari ya kurudi. Picha ya kundi zima likiruka inapendeza, nakubali, lakini ipige linaporuka lenyewe kwa kumwona kipanga.

Kuhusu viota nina ombi, na ninaomba kwa ukali kidogo. Usisogeze tawi ili kupata picha ya kiota. Mji wetu umejaa kunguru wa Kihindi, na kunguru hao huwatazama watu. Mara nyingi nimeona mtu akifunua kiota cha shore, akapiga picha zake mbili na kuondoka, na kabla hajafika njiani kunguru amekwisha kushuka. Mnana ana nafuu kwa sababu viota vyake vinaning'inia wazi kwenye makuti ya minazi na unaweza kuvipiga ukiwa chini bila kugusa kitu. Tena ningekushauri uanzie kwake: mnana yule wa dhahabu anayependa minazi ya pwani yuko bustanini kwako, hatoki, ana kelele, na hukuruhusu kukosea mara 100. Jizoezee hapo 1/2000 na kituo cha katikati kabla hujapanda gari kwenda Mida.

Na ukija msituni kumtafuta bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi kimo cha sentimita 17 hivi, usije na sauti yake kwenye simu. Najua watu wanafanya hivyo. Ndege yule hutoka akidhani amevamiwa nyumbani kwake, na akifanyiwa hivyo kila jioni na kila mgeni huacha mawindo yake ili apigane na simu. Waongozaji wa msituni wanajua matawi anayolala mchana, na watakuonyesha ukiwa umbali wa kutosha bila mwanga wa flashi.

Kijana wa Kisumu Ndogo amejibu:

Mlezi, sauti kidogo kwa dakika moja haijawahi kumuua bundi. Lakini la mvuke wa joto nimelikubali. Nimerudia picha zangu za mchana na kweli zote zina ule mtetemeko, nami nilikuwa nikiilaumu tripodi.

Mlezi wa Mikoko amejibu:

Dakika moja yako, kijana wangu, na dakika moja ya kila aliyekutangulia na atakayekufuata. Bundi ni yule yule mmoja.

Fundi wa Barani amejibu:

Nimesahau jambo moja, Mwalimu, nalo huleta kamera nyingi mezani kwangu. Usibadilishe lenzi ukiwa pwani, hasa Sabaki ambako kaskazi hupeperusha mchanga mchana kutwa. Ivae ile ya 55–250 ukiwa nyumbani na urudi nayo hivyo hivyo. Ukirudi, futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilichonyevushwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, halafu kwa kikavu. Iweke ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kwa sababu unyevu wa hapa huotesha kuvu ndani ya vioo vya lenzi na kuvu ikishaota huacha alama. Kama unatoka katika chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mfuko kwa nusu saa kabla ya kuitoa nje, la sivyo itatokwa jasho.

Pia usihuzunike ndege akiwa mdogo kwenye fremu. Una pikseli milioni 24, na ukiikata picha ukabaki na robo yake bado una milioni sita, ambazo zinatosha kuchapisha ukubwa wa A4 wa kutundika ukutani. Darasani kwako wataona kila unyoya.

Mwalimu wa Maweni amejibu:

Nahodha, shikamoo. Ni kweli, tena kweli tupu: tope lilikuwa tupu tulipofika na lilikuwa tupu tulipoondoka, na dada yangu alinilaumu kwa jua lote lile. Fundi, nimetazama tarakimu za mdiria, nazo zilikuwa 1/160, kama ulivyotabiri.

Narudi na habari baada ya wiki mbili. Siku nne za kwanza nilishinda na mnana wa mnazi wa jirani, na nilipata picha moja ambayo jirani ameniomba aiweke kwenye simu yake. Kisha nikasubiri mwezi uandame, na Jumamosi iliyofuata nikawa Mida saa nane mchana, peke yangu, kwa kuwa dada alikataa. Niliketi kwenye mizizi na maji yalikuwa mbali. Kwa muda wa saa nzima hapakuwa na chochote ila kaa na mawazo yangu kwamba labda Nahodha alikuwa ananitania. Halafu, mnamo saa tisa na nusu, nikaanza kuwasikia kabla ya kuwaona, na wakawa wanakuja kwa vikundi, wanatua, wanakula, wanasukumwa na maji, wanaruka hatua chache na kutua tena karibu zaidi. Kufikia saa kumi na nusu walikuwa mbele yangu kiasi kwamba wengine ilinibidi nirudishe lenzi kutoka 250 hadi 180. Nimepiga picha 140, na 31 nimezihifadhi. Yangeyange ana manyoya. Mdiria bado ukungu, ila sasa ni ukungu mdogo.

Nina swali moja lililobaki. Miongoni mwa waliotua walikuwamo ndege wakubwa kuliko vitwitwi, weupe mwilini na weusi mgongoni, wenye miguu mirefu ya rangi ya kijivu kama samawati na mdomo mnene mweusi kupita kiasi kwa ndege wa pwani. Mmoja alikuwa anavunja kaa. Nyuma yake alisimama mwingine wa kijivukijivu, mgongo umeinama na kichwa kimeshushwa, akimfuata kila alikokwenda na kulia kwa sauti nyembamba. Nilidhani ni mgonjwa, nikaacha kumpiga picha kwa huruma. Je, ndege hawa ni nani, na yule wa pili alikuwa na nini?

Mlezi wa Mikoko amejibu:

Mwalimu, umewapata wageni wanaofuatwa Mida na watu kutoka Ulaya. Ni ndege mla kaa, ambaye yuko peke yake katika familia yake na hana ndugu wa karibu duniani. Hazalii kwetu; huzalia kwenye pwani na visiwa vya Uarabuni na vya ghuba zake, naye huchimba shimo mchangani na kutaga yai ndani yake, jambo lisilo la kawaida kwa ndege wa pwani, na mchanga wa moto humsaidia kulitunza yai. Baada ya hapo hushuka kusini, na ghuba yetu ya Mida ni moja ya mahali wanapokusanyika kwa wingi.

Yule wa kijivu hakuwa mgonjwa. Alikuwa mtoto. Ndege hawa husafiri na watoto wao mpaka huku na huendelea kuwalisha hata baada ya safari, na ule mgongo ulioinama pamoja na kilio chembamba ni namna ya kuomba. Laiti ungebonyeza kitufe kwa dakika nyingine mbili, ungempiga mzazi akimwachia mguu wa kaa. Bamvua ijayo ni ya mwezi mpevu, siku ya 15 mpaka ya 17. Njoo saa nane, uketi pale pale penye mizizi, na wakati huu umwelekezee kamera yule anayelia.